Mwenye Mashine Alikuja Ijumaa

Sina faida yoyote ya kukudanganya. Sikuwa nimelewa, maana mimi ni Msabato na pombe sijawahi kuionja. Haikuwa usiku, wala sikuwa nimetoka usingizini. Ilikuwa Ijumaa alasiri, mvua ikinyesha, katikati ya mji wa Migori, na kinu cha jirani yangu kilikuwa kinasaga mahindi kwa kelele mpaka ukuta wangu unatetemeka. Watu wakisimulia mambo kama haya huyapeleka porini, gizani, mbali na nyumba zao. Hili lilinikuta kazini, bisibisi ikiwa mkononi. Usipotaka kuamini sitagombana nawe, ila nisikilize kwanza.

Miaka hiyo ya tisini kompyuta zilikuwa chache huku kwetu. Nilikuwa na chumba cha kupiga chapa: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, ratiba za mazishi. Ratiba za mazishi ndizo zilizokuwa zikinilisha, nisikufiche. Mashine ikiharibika ofisi fulani, wananiita mimi, kwa sababu nilikuwa nimesomea Nairobi kidogo na kuharibu zangu mwenyewe sana, na mtu hujifunza kwa kuharibu. Mimi ni Mkuria, kwetu ni upande wa Isebania. Kijaluo changu ni cha sokoni, na mila za Wajaluo wakati huo nilizijua kwa kusikia tu.

Mchana ule aliingia mama mmoja amevaa nguo za kiheshima, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso. Nilimjua kidogo, tulikuwa tukionana kanisani. Aliitwa Mama Awuor, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, ameolewa Uriri. Mumewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma, homa ya ghafla, na mimi sikuwahi kumwona huyo mume hata siku moja. Alikuwa akifanya kazi mbali, nyumbani anakuja kwa msimu. Alipofungua leso nikaona laptopu, ile aina ya zamani, nene kama tofali na nzito vilevile.

"Fundi, nataka uniwekee ile Windows mpya," akasema.

Nikaifungua, nikaiwasha, nikaitazama ndani. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo, diski yake ndogo, na ilikuwa inaendeshwa na DOS tu, ile ya kuandika amri kwa herufi nyeupe. Nikamwambia ukweli. "Mama, hii imezeeka. Windows mpya haitaikubali. Walioitengeneza wenyewe wamesema mashine kama hii isisumbuliwe."

"Wewe ni fundi ama ni daktari wa kuniambia mgonjwa atakufa? Jaribu."

Ndipo akanieleza. Kulikuwa na watu Homa Bay wanaonunua samaki kutoka visiwani, wanataka karani wa kuandika uzito na bei. Mkubwa wao alikuwa amemkubali kwa sababu anawajua watu wa Mfangano na wanamjua, lakini akamwambia: Jumatatu uje na kompyuta yako inayoweza kufungua kazi zetu, sisi tunatumia Windows mpya. Asipokuja nayo, kuna mwingine anangoja. Mama Awuor alikuwa na watoto watatu, na tangu msiba walikuwa wakila kwa huruma ya shemeji zake. Huruma hiyo ilikuwa imeanza kuisha.

"Hii mashine ni yako?" nikamuuliza.

"Ni ya mzee wangu. Futa kila kitu chake, mimi sitaki kusoma. Naenda soko, nitarudi kabla jua lishuke. Najua huwezi kuguza kazi Sabato ikiingia."

Akatoka. Sasa unaona nilivyobanwa? Nilikuwa na saa chache za mchana, mashine isiyotakiwa na mfumo huo wa Windows, na mjane ambaye chakula cha watoto wake kiko Jumatatu. Kazi nyingine unaifanya kwa ujuzi. Hii niliifanya kwa ukaidi.

Nikafuta ya zamani kupata nafasi. Nikaingiza diski ya kwanza, zile diski ndogo za plastiki zinazoingia moja baada ya nyingine, rundo zima. Mashine ikapima nguvu zake, ikakataa. Hilo nililitegemea. Mafundi tulikuwa na ujanja: ukiandika amri ya kuanzisha, halafu mkwaju, ile alama ya mstari uliolala upande, halafu herufi mbili fulani, unauambia mfumo usipime nguvu, uingie tu. Nikaandika, ukaingia. Diski zikaenda vizuri mpaka ya saba. Ya saba ikakwaruza, ikakwaruza, kisha maneno yakatokea kwamba haisomeki. Nikaipuliza, nikaijaribu kwenye kompyuta yangu, ikasomeka bila shida. Nikairudisha, ikakataa. Nikaanza upya kutoka ya kwanza, ikafika palepale, ikakataa. Nilikuwa na nakala nyingine, nayo hivyohivyo. Jasho likanitoka, maana jua halimngojei mtu.

Nilipoinua kichwa kulikuwa na mwanamume kwenye benchi la wateja.

Sikumsikia akiingia, lakini kwa kelele za kile kinu sikuwa nikimsikia mtu yeyote akiingia, kwa hiyo sikushangaa. Alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe, miwani, anaifuta kwa ncha ya tai. Nikamsalimu, nikamwambia angoje kidogo, nina kazi ya haraka. Akasema kwa upole hana haraka. Alizungumza Kiswahili kilekile chetu cha huku, lafudhi ya Kijaluo ikisikika.

"Hiyo herufi ya O," akasema baadaye, "ifinye upande wa kushoto. Katikati inakwama."

Nikaifinya upande wa kushoto. Kweli. "Kumbe unaijua hii mashine?"

"Naijua. Nani amekupatia?"

"Mwenyewe amenipatia."

"Mwenyewe nani?"

Hapo nikaanza kukasirika, niseme ukweli. Nilidhani ni mfanyakazi mwenzake wa marehemu, amekuja kudai mali ya ofisi, au mmoja wa hao shemeji. Nikamwambia, "Bwana, kuna mama ameniletea. Mume wake amekufa, ana watoto, na Jumatatu anaanza kazi Homa Bay. Kama ni kesi, mngojee yeye, mimi ni fundi tu."

Hakukasirika. Aliivaa miwani yake, akanitazama namna mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali zuri. "Si kesi. Nauliza kama imegawanywa."

Sikuelewa, akanieleza taratibu. Kwao mtu akifa, vitu vyake vya mkononi havichukuliwi ovyo. Kuna siku familia inakaa, na kila kitu kinashikwa na kutajwa mbele ya watu: koti hili ni la fulani, jembe hili la fulani, kiti hiki cha fulani. Mpaka siku hiyo, vitu bado ni vya marehemu. Huko Uriri siku hiyo ilikuwa haijafika, akasema, kwa sababu nusu ya familia imeokoka na haitaki mila, nusu inataka, na wanaendelea kubishana. Mama amechoka kungoja. Ameitoa nyumbani chini ya leso.

"Kwa hiyo hii bado ni ya marehemu?" nikauliza, nikicheka kidogo.

"Bado."

"Basi marehemu na aje aigawe. Mimi jua linanitoroka."

Ningejua ninaongea na nani, ulimi wangu ungekauka. Lakini yeye aliivua miwani, akaifuta tena kwa tai. Kisha akauliza, "Hiyo kazi ya Homa Bay, ni nzuri?"

"Ni karani. Atalipwa kila mwezi. Hatahitaji kumwomba mtu unga."

"Na watoto?"

"Sijui. Nadhani atawahamisha."

Akatikisa kichwa, na uso wake ukawa na furaha na uchungu pamoja, namna ambayo sijui nikuelezeje. Akasimama, akaja mezani, akaweka kiganja juu ya mashine, kando ya mkono wangu. Alisema kwa Kijaluo, polepole na kwa sauti ya kutosha, kama mtu anayesema mbele ya kikao. Maneno yalikuwa machache na hata mimi niliyaelewa. Alisema: hii nampa mama yake Awuor, mtu yeyote wa nyumbani kwetu asiiguze.

Kisha kwa Kiswahili: "Jaribu sasa."

Nikaisukuma ile diski ya saba. Haikukwaruza. Ilisomeka kama imetoka kiwandani asubuhi hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Nikageuka kumshukuru, naye alikuwa ameshafika mlangoni.

"Ngoja basi, huyo mama anarudi sasa hivi," nikasema. "Umwambie mwenyewe, atafurahi."

"Najua anarudi," akasema. "Akinikuta hapa, Jumatatu hataenda."

Akatoka, akaingia kwenye mvua. Mimi nikarudi kwenye diski zangu, nikifikiri ni mtu wa ajabu kidogo, basi. Ndivyo tulivyo, tukiwa na kazi ya haraka, hata malaika akipita tutamwambia asogee asituzibie mwanga.

Mama Awuor aliingia mfumo ukiwa umesimama kwenye kioo, rangi zote, na sauti yake ya kukaribisha. Akaweka kikapu chini, akaziba mdomo kwa mkono. Nikamwambia, kwa majivuno ya fundi, kwamba haikuwa rahisi, na kwamba rafiki ya mume wake alinisaidia. Akauliza rafiki gani. Nikamweleza: shati jeupe, miwani, anaifuta kwa ncha ya tai, anajua herufi ya O inakwama.

Mkono wake ulishuka kutoka mdomoni. "Alikaa wapi?"

Nikamwonyesha benchi. Tukatazama wote wawili. Siku ile kila aliyeingia kwangu aliacha tope jekundu sakafuni, yeye mwenyewe Mama Awuor alikuwa ameliacha kutoka mlangoni mpaka mezani. Mbele ya benchi sakafu ilikuwa safi. Kutoka benchini hadi mezani, safi.

Yeye alikimbia nje. Nilimwona kupitia mlangoni, amesimama katikati ya barabara bila kujifunika, akitazama upande wa Uriri, kisha upande wa Isebania, kisha tena upande wa Uriri. Aliporudi maji yalikuwa yanamtiririka, na hakuwa analia. Aliketi palepale kwenye benchi.

"Kwa nini hakunisubiri?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilimwambia kila neno, hata lile la mwisho. Akapitisha kiganja juu ya mbao za benchi, kile kinu kikinguruma, jua likiishia. Kisha akasema, "Ni kweli. Singeenda. Ningekaa hapa nikimshika tu." Akaifunga mashine, akaiviringisha kwenye leso, akaniambia Sabato njema, akaenda.

Jumatatu alienda Homa Bay. Kazi aliipata, akaifanya miaka mingi, na watoto wakasoma. Shemeji zake walipojua mashine iko wapi walikuja juu, wakaniita Uriri nieleze. Nikayarudia yale maneno ya Kijaluo kama nilivyoyasikia, kwa lafudhi yangu mbovu ya Kikuria. Yule kaka mkubwa alisikiliza, akaniomba nirudie, kisha akainamisha kichwa na kusema ndivyo alivyokuwa akiongea. Hakuna aliyeidai tena. Mafundi wenzangu niliowaambia mfumo ule uliishi kwenye mashine ile walinicheka, na kwa ufundi wana haki ya kunicheka.

Mzee wa kanisa nilimweleza pia. Alinikumbusha tunavyofundishwa, kwamba aliyekufa amelala na hajui lolote mpaka siku ya mwisho, na kwamba adui hupenda kuvaa sura za watu tuliowapenda. Ninaamini hivyo hata leo. Lakini kuna jambo linanisumbua kila nikilala: adui angeyajali maslahi ya watoto wale watatu na unga wao? Angeondoka mapema ili mjane asibaki akimshikilia marehemu? Sijapata jibu, na nimezeeka nikilitafuta. Nilichobakia nacho ni kwamba kila mashine inayoletwa kwangu nauliza ilikuwa ya nani, na nikisikia mwenyewe amefariki, nauliza nani aliipeana na mbele ya nani. Wengine wanaona nina maneno mengi, wanaipeleka kwa fundi mwingine.

Nawe nakuonya. Saa ya marehemu, redio yake, kompyuta yake, usivichukue kimyakimya kwa sababu una haraka au kwa sababu nyumbani kuna ubishi. Kaeni chini, hata watatu, mkitaje kitu na mumtaje anayepewa, ndipo ukibebe. Usipofanya hivyo huenda mwenyewe atalazimika kuja kukupa. Na akija, usidhani wewe ndiye utakayemwona.