Muuguzi Aliyeifungua Kola ya Mdogo Wangu

Msimamizi wa ukurasa huu, lifiche jina langu. Nina miaka sabini na minne, mwalimu mstaafu, mkazi wa Masii. Si desturi yangu kuanika mambo ya nyumbani.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mdogo wangu alianguka kutoka juu ya paa akipigilia mabati. Katika hospitali moja mjini Machakos alivishwa kola ngumu ya shingo. Punde akatapika, akaanza kukoroma na kukosa pumzi. Nikiwa mlangoni, nilimwona muuguzi akiifungua kola kwa mbele, mwenzake ameshika kichwa kwa mikono miwili, na daktari akiingiza mpira wa kupumulia kooni.

"Mzee, toka nje!" muuguzi alinifokea.

Asiye na la kuficha hufukuza watu kwa nini? Mdogo wangu aliishi, lakini miguu haikusogea tena. Niliwaambia watu wote kwamba yule mwanamke ndiye aliyemvunja shingo. Ni jirani yetu. Akikaa benchi letu kanisani, tunahama.

Mwezi uliopita mjukuu wangu anayesomea utabibu alikuja likizo. Nilimsimulia ili aniunge mkono. Akacheka.

"Babu, hiyo ndiyo njia. Kola ikiwa imefungwa, mdomo haufunguki vizuri. Wanafungua mbele, mwingine anashikilia kichwa kisicheze. Ulitaka wamwache akufe?" Kisha akauliza, "Na huko nyumbani, nani alimwinua?"

Ni mimi. Nilimkuta amelala chali, akikunja magoti kwa maumivu. Nikaamuru tumketishe, tumpe maji, kama tunavyomfanyia kila aliyeanguka. Kichwa kikalala begani. Alipomeza funda la kwanza aliniambia, "Kaka, mbona sisikii miguu?" Maneno hayo sijamwambia mtu hadi leo.

Bado namshuku muuguzi. Huenda mikono iliteleza. Nani aliyeona vizuri? Lakini kila ninapomshuku, nayaona yale magoti yakikunjika kabla sijamwinua.

Jumapili muuguzi alituma barua: anastaafu, anaomba kuja kumjulia hali mgonjwa wake. Mdogo wangu alifoka kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu: "Huyo nesi akanyage hapa aone! Kaka, wewe ndiwe uliyeniokoa. Mjibu wewe."

Barua ingali mfukoni mwangu. Mdogo wangu hana mwingine anayemwamini. Nishaurini: niandike aje, au asije? Na akija, nani aseme kwanza kuhusu yale magoti?