Utepe wa Kipepeo na Pasi Yangu

Chekeni kwanza mmalize, maana aibu yenyewe nimeshalala nayo na kuamka nayo, na hapa sokoni Kabuga mafundi cherehani wenzangu siku hizi wananiita Daktari.

Zaina ni binti wa kaka yangu, anafanya kazi maabara, na kwetu shangazi ndiye anayekusimamia mbele za watu, kwa hiyo alipotengeneza kihisi chake cha kuonyesha pumzi akaniletea mimi nikishone kwenye fulana. Kilikuwa utepe laini unaovutika, mwekundu ukilegea, kijani ukivutika, kwa hiyo mtoto akivuta pumzi unaiona kifuani kwake kwa macho, bila waya wala betri. Akaniambia, "Shangazi, humu hamna rangi iliyopakwa. Ni kama bawa la kipepeo, vitundu vidogo sana vimepangwa, mwanga ukipita ndiyo unatoa rangi." Mimi nikaitikia eh, eh, huku napatana bei na mteja wa sketi. (Alipofika kwenye habari za joto kuharibu vitundu, bei ya sketi ndiyo ilikuwa imenoga.)

Msidhani ni mchezo. Mdogo wake Zaina alitutoka akiwa mchanga, pumzi zikapungua polepole, nasi tumekaa naye chumba hichohicho hatujui. Ndiyo maana akashika kazi hii. Na siku ya kisa hiki daktari wa kliniki moja ya Kagarama alikuwa aamue kama fulana ijaribiwe kwa watoto anaowatibu.

Basi asubuhi naikunja fulana, naona utepe una mkunjo. Jamani, tangu nianze kushona nguo haijatoka kwangu bila pasi! Nikatandika kitambaa juu, moto mdogo, nikapitisha mara moja tu. Kufunua, wekundu haupo. Utepe umekuwa mweupe kama nailoni ya mkate.

Yewe! Hapo mtu mwenye akili angepiga simu. Mimi nikajiambia rangi imechuja, na rangi si ndiyo kazi yangu? Nikachukua rangi nyekundu ninayorudishia nguo zilizopauka, nikapaka kwa sponji, nikapuliza mpaka mashavu yakauma, nikaifunga, nikadandia pikipiki.

Kliniki watu wamejaa, Zaina amevaa kitenge chake kizuri, mimi nimekaa mbele kama mama wa bibi harusi. Muuguzi mmoja mwembamba akaivaa fulana, maana hii ya kuonyeshea niliishona kwa kipimo cha mtu mzima. Daktari akasema, "Vuta pumzi." Akavuta. Nyekundu. "Vuta sana." Nyekundu vilevile, muuguzi mpaka jasho linamtoka, na rangi haikuwa imeshika kwenye ule utepe, ikaanza kuteremka tumboni. Mama mmoja nyuma akapiga kelele, "Mungu wangu, anavuja damu!" Watu wakainuka, viti vikaanguka, daktari akamshika kifua muuguzi, mikono yake yote ikawa kama ya mchinja mbuzi, na muuguzi naye kuiona akaketi chini akilia kwamba hasikii maumivu.

Zaina akanigeukia, akaangalia vidole vyangu. Vyekundu. Akaelewa yote, kisha akawageukia watu na kusema, "Mbabarire, nisameheni, kosa ni langu, sikuuandaa vizuri."

Hapo ndipo moyo uliponikatika. Mimi ndiye wa kumsimamia, naye ndiye ananifunika! Nikasimama, nikasema, "Hapana. Ni mimi. Nimeupiga pasi, halafu nikaupaka rangi." Watu wakacheka, wakacheka mpaka muuguzi aliyelia naye akacheka. Daktari hakucheka. Akasema kitu cha kulinda pumzi ya mtoto hawezi kukipokea kwa maneno, warudi utepe mwingine ukiwa tayari.

Njia nzima Zaina aliikumbatia ile fulana iliyochafuka. Afadhali angenitukana. Nimefikiri sana tangu siku ile: sikuharibu kwa kutojua, niliharibu kwa kuona haya kusema sijui, na haya yangu ingeweza kumkalia mtoto wa mtu kifuani ikidanganya kwamba anapumua.

Nikaapa nisiguse tena kitu ambacho sijauliza mpaka nikaelewa. Nikadhani pia Zaina atakuwa ameshatafuta fundi mwingine, na ni haki yake.

Juzi akaja, akaweka utepe mpya mezani. Nikamwambia, "Mpe fundi mwingine, mwanangu. Mimi naogopa."

"Ndiyo maana nimekuletea," akasema. "Hao wengine bado hawaogopi."