Mpira ulikatika hole ya mwisho, na mwenye shamba nilikokuwa naishi akaniuliza mimi kama ubadilishwe

Wakuu, salaam kutoka Eldoret. Baridi ya leo imetushika mpaka ng'ombe wamegoma kutoka zizini.

Nimeona kule kwenye uzi mwingine vijana wa golf wakibishana: mtu abadilishe mpira lini katikati ya mchezo? Ukichafuka? Ukigonga jiwe? Mmefika mpaka matusi. Nilianza kujibu kule nikaona jibu linazidi kurefuka, ndiyo nimefungua huu wangu.

Yote haya yalinipata mimi. Pale nimesahau nitasema nimesahau. Wazungu wenyewe nitawataja kwa majina tuliyowapa sisi, kwa sababu ya kwao hata kuyatamka tulikuwa hatuwezi. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo msinikimbize.

Ni miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mimi ni kijana wa ishirini na kitu, nimetoka Maragoli kutafuta kazi, nikaishia caddy kwenye klabu ya wazungu hapa mjini. Kubeba begi, kutafuta mipira kwenye nyasi, kunyamaza.

Kiwanja chenyewe msifikirie ni hivi vya siku hizi. Hakukuwa na green. Mahali pa shimo palikuwa mchanga uliochanganywa na oil chafu, unasawazishwa kwa mbao kabla mtu hajapiga. Ukirudi nyumbani unanuka kama fundi wa matrekta.

Na nyumbani kwangu kulikuwa kwa mtu.

Mke wangu, Rosa, alikuwa anafanya kazi ya maziwa kwa mzungu mmoja kule upande wa Kapseret. Yeye ndiye alikuwa anatengeneza siagi ya memsahib, mke wa huyo mzungu. Kwa sababu ya hiyo kazi yake tulipewa nyumba ya nyasi pembeni ya miti ya miwati, na kipande cha kulima. Mwaka huo mahindi yetu yalikuwa yamesimama vizuri sana, na Rosa alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshakuwa kubwa.

Huyo mzungu tulimwita Bwana Ngurumo. Alikuwa Kaburu, mtu wa ngano, mkubwa kama mlango. Akisema na mbwa wake, watu wa shamba la pili walikuwa wanasikia. Na hakuwa mtu wa kungoja. Kulikuwa na mzee wa geti aliyesahau kufunga, ng'ombe wakaingia kwenye ngano. Yule mzee alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana, na watoto wake, na kuku wake. Niliona kwa macho yangu. Hii muikumbuke, ndiyo mtaelewa kichwa changu kilikuwa wapi.

Sasa, ikafika final ya kikombe cha klabu. Watu wawili tu, hole kwa hole, yaani shimo kwa shimo; atakayeshinda mengi anachukua kikombe.

Mmoja ni Bwana Ngurumo.

Mwingine ni kijana wa serikali, daktari wa mifugo, tulimwita Bwana Mifugo. Mwembamba, miwani, mikono haitulii, anajikuna shingo kila saa. Huyo ndiye nilipewa kumbebea begi.

Ndiyo wakuu. Nilibeba begi ya mtu anayepigana na mwenye nyumba yangu. Hatukuwa tunachagua.

Siku hiyo sikuwa na raha tangu asubuhi. Bwana Mifugo akishinda hole, moyo wangu unafurahi kisha unaogopa kufurahi. Akipoteza, naona afadhali, kisha naona haya. Mvua ilikuwa inazunguka upande wa Sugoi, inanguruma tu, hainyeshi. Kila mtu alikuwa anatembea haraka.

Wakafika hole ya mwisho wakiwa sawa.

Ngoja niweke sheria hapa ili wasiocheza wasipotee. Ukimaliza hole, hole inayofuata unaweza kuanza na mpira mwingine, hakuna wa kukuuliza. Lakini mkiwa katikati ya hole, ulioanza nao ndio unamaliza nao, labda uwe umeharibika kweli. Kuchafuka hakuhesabiki. Rangi kutoka pia hakuhesabiki. Na wakati huo ilikuwa lazima umwambie mwenzako, naye aone. Ukibadilisha bila sababu, hiyo hole imeenda. Na hapo hole ilikuwa ndiyo kikombe.

Bwana Mifugo akapiga ya pili kwa fimbo ya chuma. Mikono ile yake isiyotulia ikamponza, chuma kikaupata mpira juu badala ya chini. Mlio ulikuwa mbaya, kama kukata kabichi. Mpira ukaruka chini chini, ukayumba, ukaanguka kwenye nyasi bado mbali na shimo.

Tukaufikia. Mipira ya zamani ngozi yake ilikuwa laini, na ndani ni nyuzi za raba zimezungushwa kama uzi wa kufuma. Huu ulikuwa umepasuka, umefungua mdomo.

Bwana Mifugo akaita, "Mpira wangu umekatika! Nabadilisha!"

Bwana Ngurumo alikuwa upande wa pili. Akaja, lakini hakuinama. Akaangalia kutoka huko juu kwake.

"Huo umechubuka tu. Piga."

Wakaanza kuvutana kwa Kiingereza. Kiingereza nilikuwa nashika kidogo, hiyo niliielewa yote. Kule kwenye veranda ya klabu watu wamesimama na glasi zao wanangoja, hawasikii kitu. Hapo tulikuwa watu wanne tu: wao wawili, mimi, na Kiprono, Mnandi aliyekuwa anambebea Bwana Ngurumo.

Bwana Ngurumo akachoka kubishana. Akanigeukia mimi.

"Huyu naishi kwa shamba yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Huyu hapana danganya mimi. Wewe! Shika hiyo mpira. Iko sawa ama hapana?"

Wakuu, mimi nimezika wazazi, nimefanyiwa operation, lakini sijawahi kuwa na dakika kama hiyo.

Nikauokota. Nikaweka ukucha pale kwenye mdomo, ukucha ukaingia. Niliona nyuzi. Moja ilikuwa imeshakatika, imejikunja nje.

Nikawaza Rosa. Nikawaza mahindi. Nikawaza yule mzee wa geti na kuku wake.

Kuna mtu atauliza kwa nini sikusema "sijui." Nilitaka. Nilifungua mdomo ili niseme sijui. Lakini mpira uko mkononi, uzi unanichoma kidole, na ni watu watatu wananiangalia. Kinachotoka mdomoni ni hiki:

"Imekatika, Bwana. Uzi inaonekana."

Bwana Ngurumo akaniangalia kidogo. Akarudi kwa mpira wake.

Bwana Mifugo akatoa mpira mpya, akauweka pale pale, akapiga. Mzuri sana, ukakaa kwenye mchanga karibu na shimo.

Sasa mngefikiri alishinda? Alipoteza. Bwana Ngurumo akaingiza wa mbali, na huyu wetu akakosa wa karibu, ule hata mimi ningeingiza kwa fimbo ya kuchungia. Kwa hivyo yale maneno yangu hayakumsaidia mtu wala kumwumiza mtu. Kikombe kikaenda kwa mwenye shamba.

Ningetulia hapo. Lakini wakati wa kuondoka Bwana Ngurumo alininyooshea kiko chake, akamwambia rafiki yake kitu kwa lugha ya Kikaburu. Wakacheka wote wawili.

Hicho kicheko, wakuu, ndicho kiliniharibia maisha.

Kiprono naye akaongeza. "Zakayo, umejimaliza. Huyo hasahau."

(Narudi, nilikuwa nimeitwa chai.)

Tuendelee. Nilimwambia Rosa yote. Alikuwa anapepeta mtama, hata hakuacha.

"Uliulizwa, ukajibu," akasema. "Sasa shida iko wapi?"

"Atatufukuza."

"Amesema?"

"Hajasema. Lakini alicheka."

"Basi ngoja aseme."

Mimi sikuweza kungoja. Nikisikia pikapu yake nasimama. Ikipita nakaa, kisha nasimama tena niangalie imeenda wapi. Kanisani nilikuwa nakaa karibu na mlango. Chakula nakula nikiwa nimesimama. Rosa akirudi kutoka kwa maziwa namkagua uso kabla hajaweka ndoo chini: wamekuambia nini? Memsahib amesema nini? Yeye anasema hakuna. Naona ananificha.

Kisha siku moja nikiwa nyumbani, pikapu ikaja ikasimama kwenye mahindi yetu. Bwana Ngurumo akashuka. Akatembea pembeni mwa shamba akiangalia, mikono mgongoni. Akaangalia mahindi, akaangalia nyumba. Mimi niko nyuma ya ukuta, nachungulia kwa ufa. Akapanda gari, akaenda.

Nikasema, basi. Anapima. Anataka tutunze mpaka yakomae, halafu tufukuzwe, avune yeye.

Kesho yake nikaanza kukata mahindi. Mabichi, wakuu. Punje bado zinatoa maziwa.

Rosa alisimama kwenye mlango ameshika kiuno. "Unafanya nini?"

"Naokoa chakula chetu."

"Hiyo si kuokoa. Hiyo ni kuua."

Tuligombana mpaka tukanyamaza. Mwishowe alinifuata, kwa sababu mtu mwenye mimba hawezi kubaki peke yake na mabua. Tulihamia mjini, kwa dada yake, kwenye nyumba za Waafrika. Tulilala sisi, dada yake, bwana wa dada yake na watoto wao, na yale mahindi. Tulichemsha, tukachoma, tukagawia majirani. Yaliyobaki yalishika ukungu pale pale sakafuni. Ile harufu ilikaa kwenye blanketi, na mtoto wetu wa kwanza alizaliwa ndani yake.

Klabuni niliendelea kubeba. Lakini nikimwona Bwana Ngurumo, nilikuwa najificha nyuma ya stoo.

Hiyo ikaenda mpaka siku Kiprono aliugua. Msimamizi akanyoosha kidole: wewe, beba ya Bwana Ngurumo. Pa kukimbilia hapakuwepo.

Nilitembea nyuma yake na jasho, na ni asubuhi ya baridi. Tulipita hole ya kwanza, hakuna neno. Ya pili, hakuna. Tulipofika pale mto Sosiani unapokaribia, akageuka.

"Wewe. Rosa iko wapi?"

"Iko mjini, Bwana."

"Memsahib nauliza yeye kila siku. Siagi yote naharibika. Kwa nini nyinyi natoroka?"

Nilikuwa nimechoka kuogopa. Nikamwambia. "Ni ile mpira, Bwana."

"Mpira gani?"

"Ya final. Ile ulikuwa nauliza mimi kama imekatika."

Akafikiri. Kweli alifikiri, nilimwona. Kisha uso ukafunguka. "Final! Mimi nashinda ile final." Akacheka mwenyewe. Halafu tena: "Mpira gani?"

Hakumbuki. Haiko kabisa kichwani mwake.

Nikamuuliza, "Na ile siku Bwana nakuja naangalia mahindi yetu?"

"Nungunungu," akasema. "Nakula mahindi ya watu yote huko. Mimi naangalia wapi naweka waya." Akachagua chuma kwenye begi, akapiga mpira wake, akaenda.

Kicheko cha siku ya final, hadi leo sijui kilikuwa cha nini.

Nilipomwambia Rosa, aliweka sufuria chini. Hakupiga kelele. Ningependa apige. Asubuhi alimfunga mtoto mgongoni, akatoka kwa miguu mpaka Kapseret bila kuniambia. Jioni akarudi na gudulia la maziwa.

"Kazi nimepewa. Nyumba iko. Shamba amepewa mtu mwingine, tutalima lingine mwaka ujao. Wewe kama unaogopa, baki hapa kwa dada."

Nikabeba vyombo, nikamfuata.

Tuliishi pale mpaka Uhuru ulipokaribia, Bwana Ngurumo akauza akaenda kwao kusini. Siku ya kuondoka alimpa Rosa mkono. Mimi alinipita, nafikiri alidhani mimi ni mtu wa lori.

Sasa somo, vijana wa ule uzi.

Mpira ukikatika au ukipasuka, badilisha. Ukiwa na mkwaruzo, uchafu au rangi imetoka, maliza nao hiyo hole, utabadilisha mbele. Siku hizi nasikia hata si lazima umwite mwenzako, unaweka alama tu na kuuinua. Mimi nawashauri mwite. Mwonyeshe, aweke ukucha mwenyewe, msiachie mtu wa tatu aamue.

Na wewe ukiwa ndiwe huyo mtu wa tatu, sema ulichoona, halafu urudi nyumbani ukalale. Mimi la kwanza nilifanya. La pili likanishinda, na gharama yake alilipa Rosa.

Haya, uwanja ni wenu. Wa golf wanisahihishe kwenye sheria. Ninyi wengine niambieni: kuna mtu umewahi kumkimbia, kumbe yeye hata hakujui?