Itifaki Iliyoishia Sebuleni

Je, mtambo unaweza kuwa mwaminifu kuliko mtu anayeumiliki? Nimelibeba swali hili tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, nimelijadili na wahandisi na mawakili, na bado sina jibu ambalo ningethubutu kumpa mama mmoja aliyekuwa jirani yangu huko Eastlands.

Nilikuwa nimehitimu chuo kikuu na kurejea katika nyumba ya wazazi wangu, vyumba viwili vya mawe katika mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli. Nilikuwa na kompyuta iliyotupwa na ofisi moja ya mjini, modemu iliyolia kama kuku anayekabwa, na laini ya simu aliyoiacha baba. Kwa vifaa hivyo niliamini nimeiona siasa ya kesho. Nchi nzima ilikuwa ikibishana kuhusu katiba, nani aiandike na akiwa ameketi wapi. Mimi niliona kwamba ipo katiba iliyokwisha kuandikwa, nayo ni itifaki, yaani mapatano ya jinsi mashine moja inavyoisalimu nyingine, inavyouliza na inavyojibiwa. Mashine yangu ilipouliza, ile ya ng'ambo haikutaka kujua kabila langu wala chama changu. Ilijibu tu. Kwa kijana aliyezoea kuulizwa jina la pili kabla ya kuhudumiwa, jambo hilo lilikaribia kuwa injili.

Nilichokisahau ni kwamba itifaki ilikoma kwenye modemu. Kuanzia hapo hadi kwenye makochi ya mama yangu ilitawala desturi ya mtaa.

Nilikuwa na anwani moja ya barua pepe, na majirani wenye jamaa ng'ambo waliitumia kama walivyozoea kutumia sanduku la posta la kanisa: jina la mwenye barua liliandikwa juu, na mwenye ufunguo akapeleka. Jumamosi alasiri walijaa sebuleni, nami nikasoma kwa sauti, maana kwetu barua ya mbali haikuwa ya mtu mmoja. Ilisomwa mbele ya chai, na hata asiyehusika alikuwa na haki ya kuidadisi.

“Rudia hapo kwa ziwa lililoganda,” dereva wa lori aliyeishi mkabala nasi alikuwa akisema. “Huyo anatubeba ufala, anatuona wajinga. Mtu wa Machakos atembee juu ya maji?”

“Wewe hata bafu unaogopa,” yule mama jirani yangu alimjibu, akichekea ndani ya kikombe.

Mtu huyo wa Machakos alikuwa mwanawe. Mama huyo alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa ingali imeandikishwa kwa jina la marehemu mumewe. Ili aandikishwe yeye, mwenyekiti wa tawi la chama alipaswa kumtambulisha kwenye ofisi ya nyumba. Mwenyekiti hakuwa na haraka.

Jumamosi moja nilisoma barua ya kijana huyo kama kawaida, na kabla sijang'amua ninachokisoma, nilikuwa nimeimaliza. Alisema wamesikia huko kwamba uwanja wa mpira nyuma ya nyumba zetu umegawiwa tajiri fulani. Wenzake walikuwa wakijiandaa kuyaandikia magazeti, naye alimwomba mama yake amweleze ni nani walioonekana wakipima. Dereva aliweka kikombe chini. Hakuna aliyeomba nirudie.

Tangu siku hiyo nilizipitia barua zake kwanza peke yangu, na mbele ya watu niliyaruka ya uwanja. Lakini maneno yalikwisha kutoka. Jumamosi nyingine, wageni walipoondoka, mwenyekiti aliingia bila kubisha na kuketi kwenye kiti cha baba.

“Niaje, msomi,” alisema. Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, ilimkaa vibaya mzee yule kama shati la kuazima. “Nasikia siku hizi wewe ndiye posta.”

“Nawasaidia tu majirani, mzee.”

“Basi nisaidie na mimi. Zile za kijana wa mama hapo, uninakilie kwenye karatasi. Kesho nikipita kwenda kanisani nitachukua.”

“Ni barua za mtu, mzee.”

“Za mtu gani, na kila Jumamosi unazitangaza kama matokeo ya mpira?” Alitabasamu. “Yule mama anataka nyumba. Mimi nataka amani. Wewe sijui unataka nini.”

Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko nia yake. Jioni nilimwendea jirani yangu nikamweleza yote. Alisikiliza huku akichambua maharagwe, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

“Kwa hiyo ndiyo maana barua zake zimekuwa fupi?”

“Niliruka sehemu fulani, mama.”

“Nilidhani amenichoka.”

Aliyasema hayo bila lawama, na ndiyo yaliyonifanya nikate shauri. Alijua kusoma, kanisani alisoma Biblia bila kukwama. Mimi, mhubiri wa mtandao usio na mlinzi wa lango, nilikuwa nimejiweka langoni.

Asubuhi iliyofuata alikuja na miwani yake na kitambaa cha kanisani. Alipokwisha kuzisoma mwenyewe, nilizifuta mbele yake barua zote za mwanawe. Kisha nikafungua tovuti iliyogawa masanduku ya barua bure, nikamjazia yaliyohitajika, na kishale kilipofika mahali pa neno la siri nikainuka. Sikumficha kwamba neno hilo lingepita wazi katika waya wa simu, na kwamba mwenye mashine, akitaka, angeweza kulitafuta.

“Na wewe utalitafuta?”

“Hapana, mama.”

“Basi toka.”

Nilitoka na vikombe vya jana nikaenda kuviosha kwenye mfereji wa uani. Mwenyekiti alipita akiwa ndani ya suti, akasikia sauti ya vitufe dirishani, akasimama.

“Karatasi zangu?”

“Hazipo, mzee. Nimefuta. Sasa ana sanduku lake mwenyewe.”

“Anaandika nini humo?”

“Sijui.”

Aligeuka akalitazama dirisha. Ndani, jirani yangu alibonyeza kitufe kimoja, akatulia akitafuta kinachofuata, akabonyeza tena. Nilichukua kikombe kingine nikaendelea kuosha.