Anayeufuata Uchafu Hadi Unakotoka

Saa moja asubuhi. Mashine imepunguzwa kasi, na waya unatambaa taratibu kutoka kwenye beseni la maji ya shaba, mwekundu, unang'aa. Mwanamke mwenye glavu anaubana kwa kitambaa cheupe, anakikunjua, anakitazama, kisha anakinusa.

"Waya ukishavaa shaba, kila mtu anausifu," anasema. "Mimi ndipo naanza kuushuku."

Kiwandani wanamwita Mama Kitambaa. Anakagua waya wa kuchomelea, ule wa chuma unaovishwa shaba ili usishike kutu na upite vizuri kwenye mashine ya fundi. Uchafu juu yake, hata usioonekana, huingia kwenye moto na kuacha vitundu ndani ya kiungo.

Mwaka jana taabu hiyo ilimfikia kupitia mdogo wake, fundi wa kuchomelea. Alikuwa ameunga mguu wa mnara wa tangi la maji la zahanati. Tangi lilipojazwa kwa majaribio, kiungo kikaachia. Hakuumia mtu, ila fundi alikosa usingizi.

"Dada, nachomelea tangu sijaota ndevu," alimwambia kwa simu. "Safari hii si mkono wangu. Ni waya wenu."

"Na chuma chenyewe ulikisafisha?"

"Nilikisugua mpaka kikang'aa. Njoo ujionee."

Alikwenda. Kiungo kilichokatika kilikuwa na vitundu kama mkate.

Kiwandani, lawama zote zikamwangukia mchanganya sabuni. Waya hupitishwa kwenye unga wa sabuni unapovutwa ili uwe mwembamba, na usipooshwa vizuri, sabuni hubaki chini ya shaba. Mzee wa watu akaapa hajabadili kitu. Wakaongeza maji ya kuoshea, wakabadili sabuni yenyewe. Wapi! Vitundu vilevile.

"Hapo nikaanza kuufuata waya kama anayemnyatia mwizi wa kuku," anasimulia akicheka.

Aliupangusa baada ya kuoshwa: safi. Baada ya shaba: safi. Baada ya kusuuzwa: safi. Ila ulipotoka kukaushwa kwa upepo wa bomba, kitambaa kikaja na doa la manjano.

"Upepo unachafuaje waya, mama?" injinia wa zamu alimuuliza.

"Hata mimi sijui, baba. Hebu tuutoe waya, tukinge upepo mtupu."

Wakashika kitambaa mbele ya bomba. Haukupita muda, kikalowa mafuta. Kompresa, mashine inayosukuma upepo huo, ilikuwa ikivuja mafuta ndani kwa ndani, na chujio lake limechoka.

"Kumbe tunauosha, halafu tunaupaka mafuta wenyewe!" injinia akashangaa, kisha akaenda mwenyewe kumwomba radhi mzee wa sabuni.

Kompresa ikatengenezwa, waya mbovu ukarudishwa. Fundi akauchomelea mguu upya, tangi likajazwa hadi juu, naye akakaa chini yake mchana kutwa, kwa ubishi tu.

Sasa Mama Kitambaa ana mpango mwingine.

"Miaka yote naukagua waya huu, sijawahi kuuona ukiyeyuka mkononi mwangu. Jumamosi naanza kujifunza kuchomelea kwa mdogo wangu. Ameshanionya: 'Dada, kwenye karakana hii mkubwa ni mimi.' Nikamwambia haya, shikamoo mwalimu."