Kikombe Alichochukua Mume Wangu

Watu husema mume wangu aliiba kikombe. Wengine wao walikunywa chai ndani ya kikombe hicho, nyumbani kwangu, kwa sukari yangu, lakini siku hizi wakisimulia, ile chai hawaisemi. Basi acha niseme mimi, maana nilikuwako na akili zangu bado ziko.

Tulikuwa tunaishi lokesheni ya Waafrika, karibu na mto Sosiani, miaka ile kabla ya Hali ya Hatari. Mji wenyewe, Eldoret ya leo, tuliuita Sisibo, kwa sababu Wazungu waliuita kwa namba ya shamba, sitini na nne kwa lugha yao, na ndimi za wenyeji zikaigeuza ikawa hivyo. Mume wangu alikuwa mbeba magunia kwenye kinu cha unga cha kaburu mmoja ambaye sote tulimwita Bwana tu. Mimi na yeye tulitoka magharibi, na ndoa yetu ilikuwa bado mbichi. Jioni alirudi mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, nami nilimtania kwamba kwetu wataniuliza nimeolewa na mzungu lini.

Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Alichezea timu ya kinu, pembeni kushoto, miguu mitupu. Mimi sijui mpira na sitaki kujifanya naujua. Najua tu kwamba mpira ukimfikia, uwanja mzima ulinyamaza. Aliukanyaga kwa unyayo, akasimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Yule wa kumkaba alikuja mbio, na alipofika, mume wangu alikuwa ameshapita, anaenda zake, anacheka bila sauti. Sisi wanawake tulisimama nyuma ya kamba upande wa miti ya muwati. Nilikuwa nikimtazama mpaka naona haya, kwa maana mke hatakiwi kumtamani mumewe mbele za watu namna ile.

Mwaka huo timu ya kinu iliwafunga watu wa reli katika fainali, na kikombe kikaja kwetu. Kilikuwa cha fedha, chenye masikio mawili, na ungeweza kumwogeshea mtoto mchanga ndani yake. Bwana alishuka mwenyewe uwanjani, uso mwekundu kwa furaha, akakiinua juu. "Kikombe hii iko yenu sasa," akasema. Halafu akamshika mume wangu shingoni. "Na wewe, wewe nambari wani. Hii iko yako kabisa."

Sasa hapo ndipo penyewe. Kiswahili cha makaburu kilikuwa na neno moja la kufanyia kazi zote, nalo ni iko. Chakula iko, boi iko, mvua hapana iko. Tulikuwa tumekizoea. Bwana akikuambia gunia hii iko yako, ulilibeba. Akisema siku hii iko yako, ulipumzika. Nani angejua kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza, lilikuwa neno la kujifurahisha tu?

Kikombe kikapelekwa ofisini kwa kinu, kikawekwa kwenye kabati la kioo. Wachezaji walikiona wakipita na magunia begani. Mume wangu hakuelewa. Kwetu magharibi timu ikishinda ilipewa fahali, na fahali hakufungiwa kabatini. Alichinjwa, akaliwa na kila mtu, hata walioshindwa walipata mchuzi. "Ushindi ambao haujaliwa haujaisha," aliniambia, na usiku alijigeuzageuza kitandani mpaka nikamwambia alale.

Jumamosi moja mchana, kazi ilipokwisha, aliingia ofisini, akamsalimia karani, akafungua kabati, akatoa kikombe. Karani alidhani ametumwa na Bwana. Mume wangu akakiweka begani na kukileta nyumbani kwa barabara kuu, mchana kweupe, watu wakimpigia makofi kila duka. Nilikiosha kwa majivu. Nilipika chai ya maziwa, tukaimimina mle ndani, na timu nzima ikanywa kwa zamu, na majirani, na wazee wa lokesheni, na mama mmoja wa Kinandi aliyetuletea maziwa ambaye hata hakujua tunasherehekea nini. Hiyo siku nikiikumbuka kifua kinaniuma hadi leo.

Kesho yake tulikipeleka kanisani. Mchungaji alikiweka mezani pamoja na viazi na mahindi ya sadaka, akakiombea. Jumatatu mume wangu alikusudia kukirudisha kabatini, maana alikuwa ameshamaliza haja yake nacho. Tulipotoka kanisani askari walikuwa wamesimama kando ya mlango, kofia mikononi kwa heshima ya Mungu. Walikuwa wamengoja mchungaji amalize baraka, na sasa wakamkamata mume wangu.

Kortini nilikaa nyuma, tumbo langu likiwa limeanza kuonekana. Hakimu alikuwa mzungu, na mkalimani alikuwa karani wa korti aliyetoka pwani, mtu wa Kiswahili cha kunyoosha. Akamuuliza mume wangu, "Je, ulichukua kikombe hiki?"

Na mume wangu, maskini, akasimama wima. Alifikiri anaulizwa habari za fainali. Kwani timu ikishinda tunasema imefanya nini? Si tunasema imechukua kikombe?

"Ndiyo, Bwana mkubwa," akajibu kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Nilichukua. Mwaka jana pia tulitaka kukichukua, watu wa reli wakatuzidi. Lakini mwaka huu nilichukua mimi mwenyewe."

Watu wakacheka. Mkalimani hakucheka. Alimgeukia hakimu akasema maneno machache ya Kizungu, hakimu akaandika, na mambo yakawa yameisha. Mwaka mmoja, na kazi ngumu. Mume wangu alikuwa bado anatabasamu walipomshika mkono. Ilibidi askari amweleze njiani.

Jela yenyewe haikuwa mbali, na hilo ndilo lililonimaliza. Angepelekwa mbali ningelia nikachoka. Lakini wafungwa walitolewa kila asubuhi kufyeka nyasi za uwanja wa gofu na kupanga mawe ya barabara, na mimi nilipitia njia hiyo kwenda sokoni hata siku ambazo sikuwa na la kununua. Hatukuruhusiwa kusemezana. Nilipita polepole na kikapu changu, naye alikohoa. Kikohozi hicho ndicho nilichorudi nacho nyumbani, nikakaa nacho mpaka kesho yake. Wakati mwingine askari alikuwa mkali na mume wangu hakukohoa, na siku hiyo sikula. Nilikuwa namtaka. Nilitaka unga wake kwenye shuka zangu, nilitaka anikanyage miguu kitandani, nilitaka hata ule ubishi wake wa chumvi kwenye mboga. Mtoto akazaliwa, wa kike, na jambo la kwanza nililofanya nilipopata nguvu ni kumfunga mgongoni na kupita naye kando ya zile nyasi. Mume wangu alisimama na panga mkononi mpaka askari akampigia kelele.

Msimu ulipoanza tena, timu ya kinu ilifungwa. Ikafungwa tena. Watu wa reli wakawa wanatucheka mpaka kwenye foleni ya maji. Bwana hakuyaweza hayo. Akaenda akazungumza na wakubwa wenzake huko klabuni kwao, na wakaafikiana kwamba mume wangu anaweza kusamehewa kifungo kilichobaki. Lakini Bwana alikuwa na sharti lake. Mume wangu asimame uwanjani mbele ya watu wote, aseme kwamba aliiba na Bwana amemsamehe. Baada ya hapo avae jezi, acheze.

Nilipewa ruhusa ya kumwona, kwa sababu alikuwa amekataa.

"Ni neno moja," nikamwambia. "Litamke urudi nyumbani."

"Hilo si neno langu."

"Basi liazime."

Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Mama, mwizi gani anapita barabara kuu na kitu begani?"

"Mimi najua hukuiba. Wewe unajua. Mungu anajua. Unamtafuta nani mwingine?"

Akafikiri. "Wale wanaonitazama nikicheza," akasema.

Nilikasirika sana. Nilimwambia kwamba hao wanaomtazama wanarudi kwao jioni, wanalala na wake zao, na mimi nalala na ukuta. Nilimwambia mtoto ameanza kucheka na hajui harufu ya baba yake. Sikusema kwa upole, na kama ingekuwa leo ningesema vilevile, tena kwa sauti kubwa zaidi. Nilimtaka mume wangu. Kuna mwanamke gani angetaka kitu kingine?

Siku ilipofika nilisimama mahali petu nyuma ya kamba, mtoto mgongoni. Uwanja ulijaa. Wakamleta katikati na kaptula ya jela, miguu imekuwa myembamba. Bwana akasimama karibu naye, mikono mfukoni. Mume wangu aliangalia upande wa wanawake mpaka akaniona.

"Niliiba," akasema.

"Sema na nguvu," Bwana akamwambia. "Watu hapana sikia."

Akasema kwa nguvu. Sauti ikafika mpaka kwenye muwati. Watu wengine wakapiga makofi, sijui kwa nini, labda kwa kuwa alikuwa amerudi. Wakampa jezi, akavaa, akaenda akasimama upande wake wa kushoto.

Mpira ukaanza. Ulichukua muda kumfikia, na ulipomfikia uwanja ulinyamaza kama zamani. Mimi mwenyewe nilishika kamba. Mume wangu hakuukanyaga. Aliinama akauokota kwa mikono miwili, akatembea nao mpaka pale Bwana alipokuwa ameketi, akamwekea miguuni kwa adabu, kama mtu anayemrudishia jirani kuku wake. Halafu akavua jezi, akaikunja, akaiweka juu ya mpira. Refa alikuwa amepuliza filimbi tayari, na Bwana alikuwa anafoka, lakini karatasi za kumwachilia zilishatiwa sahihi asubuhi, na hakuna mtu aliyemzuia. Alinijia mahali nilipokuwa, akamchukua mtoto, tukaenda nyumbani.

Kinu kilimfukuza, bila shaka. Tulihamia upande wa Turbo, tukapata kazi ya kuvuna mahindi kwenye shamba la mzungu mwingine. Tulizaa watoto zaidi. Alikuwa baba mzuri, hakunywa, hakunipiga, aliimba kanisani sauti ya chini. Ninachoweza kusema ni kwamba alikuwa amenirudia na bado nilikuwa nikimngoja. Vijana wakicheza kando ya barabara, alizunguka kwa njia nyingine hata kama ina matope. Mpira ukiviringika mpaka uani kwetu, alimwita mtoto mmoja autoe. Nilimtazama akipalilia, mgongo ule ule, mabega yale yale, nikatamani nimwite kwa jina ambalo watu walikuwa wakimwitia uwanjani, nione kama atageuka. Sikuthubutu. Tulilala kitanda kimoja miaka mingi nami nikimtamani mwanamume ambaye alikuwa hapo hapo ubavuni mwangu.

Alipokufa nilikuwa mtu mzima na moyo umeshapoa. Niliwaandalia watu chakula, nikawapanga wapishi, nikamkemea mmoja aliyechoma ugali. Sikulia, na nilisikia wanawake wakinong'onezana kwamba nimekuwa jiwe. Baada ya kuzika, wajukuu walikuja wakaketi karibu nami. Mmoja wao, ambaye anacheza shuleni, akaniuliza kama ni kweli kwamba babu alikuwa mchezaji, maana watu wa Eldoret waliokuja kwenye mazishi walikuwa wanasema hivyo.

Nikamwambia ni kweli.

"Alichezaje, nyanya?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Nikainuka ili nimwonyeshe alivyokuwa akisimama, na hapo, mbele ya masufuria na watu wote, ndipo nilipolia.