Mwalimu Madoa Aenda Kongamanoni

Wanafunzi walimwita Mwalimu Madoa, na hakuna aliyethubutu kusema wamemwonea. Kila nguo yake ilikuwa na doa lake. Sketi ya bluu ilikuwa na tone la njano karibu na pindo, blauzi nyeupe ilikuwa na vidole vya kijani begani, na viatu vyake vya kwendea harusini vilikuwa na mchirizi mwekundu ambao wasiomjua walidhani ni urembo. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameimalizia kufundisha sanaa katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Tuseme ukweli, madawati hayakuwahi kuhama. Ni yeye aliyehamia katikati yao.

Vipindi vyake vilipangwa mchana, saa ambayo akili za watoto zimeshatangulia nyumbani na miili inangoja kengele tu. Hata hivyo vyenyewe vilikuwa vya kuazimwa. Mtihani ukikaribia, vilimezwa na hesabu. Wageni wakitarajiwa, vilimezwa na ufagio. Ila pakitakiwa mtu wa kuandika majina kwenye vyeti, au bango la kukataza watu kukanyaga nyasi, hapo shule nzima ilikumbuka kwamba ina mwalimu wa sanaa.

Safari yake ilianza kwa utani wa chumba cha walimu. Mwalimu wa hesabu, aliyeitwa Desimali kwa sababu hakuwahi kukubali kukadiria kitu, alikuwa akikoroga chai yake. Alikuwa mtu mwembamba, amenyooka kama rula.

"Usinielewe vibaya, Mwalimu," alisema. "Sanaa ni nzuri. Ni mapumziko, ila yana rangi."

Walimu wakacheka. Mwalimu Madoa naye akacheka, maana asiyecheka utani wa chumba cha walimu huwa ndiye utani wa wiki nzima. Lakini chai yake aliiacha nusu. Alipotoka akaliona kwenye ubao tangazo la chama cha walimu: kongamano la elimu, walimu wanaalikwa kuleta mada. Jioni ile ile akaandika muhtasari wa ukurasa mmoja, akaupa kichwa "Kuona Kabla ya Kujua", akautuma kabla hasira haijapoa. Wenye busara husema hasira ni hasara. Hii ilizaa barua.

Barua ilipofika, mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, kisha akaigeuza kuona kama nyuma kuna masahihisho.

"Umekubaliwa," akasema.

"Ndiyo, mkuu."

"Kuzungumza."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Natumaini watakuwepo, mkuu."

Shule ilikuwa na nafasi mbili za kwenda. Ya pili ilikuwa ya Desimali, aliyehudhuria kila mwaka na kurudi na mafaili ambayo hakuna aliyemwona akiyafungua.

Nyumbani, aliyefurahi kupita wote alikuwa mume wake. Yeye alikuwa fundi cherehani, na tangu waoane alikuwa ameumia kimoyomoyo. Hebu fikiria: unashona nguo siku tatu, mkeo anaivaa siku moja, ya pili imeshakuwa kitambaa cha kufutia brashi. Safari hii alijifungia na mashine yake, akatoka na suti ya rangi ya krimu, imekaa vizuri mpaka mikunjo ya mikono.

"Krimu?" mkewe akauliza.

"Krimu."

"Baba watoto, wewe unanijua mimi?"

"Nakujua, ndiyo maana naomba siku tatu tu. Nenda, zungumza, rudi. Usiguse kitu."

"Na nikitaka kuandika?"

"Andika kwa penseli."

Mama mkwe alikuwa amejilaza kwenye kochi, macho kafumba, masikio yako kazini. "Mpe na mwavuli," akasema. "Kuna ndege huko nje."

Basi Mwalimu Madoa akasafiri amekaa juu ya gazeti, na gazeti jingine kalitandaza mapajani. Kila alipopita mtu na soda, alijikunja kama konokono. Desimali, kiti cha pili, alikuwa akihesabu kilomita na kumtangazia muda uliobaki bila kuulizwa.

Siku ya kwanza ya kongamano ilikuwa ya hotuba. Ukumbi ulikuwa mkubwa, baridi ya viyoyozi imeshika miguu ya watu, na jukwaani pamepangwa chupa za maji kama askari wa gwaride. Msemaji wa kwanza alizungumzia mikakati. Wa pili alizungumzia utekelezaji wa mikakati. Wa tatu alisema muda hautoshi, kisha akautumia wote. Mwalimu Madoa alishika penseli yake kama alivyoagizwa, na kufikia saa sita daftari lake halikuwa na neno hata moja, ila lilikuwa na masikio kumi na saba ya wasemaji na wenyeviti. Msemaji wa nne alikuwa na sikio zuri ajabu, mzunguko wake kama gamba la konokono, na hilo ndilo tu alilokumbuka katika mada yake.

Mchana wakagawanywa vikundi, kila kikundi na karatasi kubwa ya kubandika ukutani.

"Nani hapa ni mwalimu wa sanaa?" akauliza kiongozi wa kikundi.

Moyo wake ukaruka. Hatimaye wanataka kusikia!

"Mimi," akasema.

"Vizuri. Chukua hii kalamu nene, wewe utatuandikia. Una mwandiko mzuri."

Akaandika. Aliandika mawazo ya watu wanane kwa herufi zilizosimama vizuri, mikono ya suti kaikunja, pumzi kaibana. La kwake hakuna aliyeliuliza.

Mada yake ilikuwa siku ya pili, saa sita na dakika ishirini, katika chumba kidogo mwisho wa korido, karibu na jikoni. Nani anataka kusikiliza sanaa huku ananusa chakula cha mchana? Alipoingia alihesabu watu tisa. Walimu wanne wa sanaa walikuwa wamekaa pamoja kama wafiwa. Palikuwa na mama mmoja wa chekechea. Wawili walikuwa wakitafuta chumba cha kompyuta, wakaona aibu kutoka. Fundi wa vipaza sauti alikuwa amekuja kukunja nyaya. Wa tisa alikuwa Desimali, amekaa mstari wa nyuma, daftari mkononi.

"Umekuja kunicheka?" alimnong'oneza.

"Nimekuja kwa sababu shule yetu ni moja," Desimali akajibu, kidogo kama ameumia.

Hapo mwenyekiti wa kikao akaingia, na Mwalimu Madoa akaacha kupanga kurasa zake. Sharubu zile alizijua. Alikuwa ni mkaguzi wa shule, mzee mrefu mwenye koti la kijivu, ambaye miaka tisa iliyopita alisimama mlangoni mwa darasa lake, akachungulia, akaondoka. Katika kitabu cha ukaguzi akaacha mstari mmoja: "Darasa la sanaa: kelele nyingi, kazi haionekani." Maneno hayo alikuwa ameyakariri kama watoto wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Mkaguzi alimtazama kama anavyotazamwa mtu asiyewahi kuonekana.

"Mwalimu, samahani," akasema mkaguzi akitazama saa. "Kikao kilichotangulia kimekula muda. Una dakika kumi."

Mada yake ilikuwa kurasa kumi na moja. Akazitazama. Akawatazama wale watu tisa, ambao macho yao yalikuwa yameshafika jikoni. Akazigeuza zile kurasa kifudifudi mezani.

"Vueni kiatu kimoja," akasema.

Mwenye nyaya akaacha kukunja.

"Kimoja tu. Kiwekeni mezani mbele yenu. Kila mtu nitampa penseli na karatasi. Mtachora kiatu chenu bila kutazama karatasi. Macho kwenye kiatu, penseli isinyanyuke. Anayechungulia, tutamjua."

Mama wa chekechea ndiye aliyeanza, na kicheko juu. Wengine wakafuata, viatu vikapanda mezani kimoja kimoja. Mkaguzi peke yake hakutikisika. Mwalimu Madoa akamsogelea na karatasi, na ndipo akaona: mguu wa kulia wa mzee ulikuwa ukirudi taratibu chini ya kiti, na juu ya kisigino cha kiatu soksi ilikuwa imetoboka, nyama inachungulia. Kama juu kumetoboka hivi, kidoleni kukoje?

Mkaguzi akaona kwamba ameonwa.

Haya sasa. Miaka tisa ya "kazi haionekani" imekaa mbele yako, na mwenyewe soksi inaonekana. Neno moja tu, na chumba kizima kingepasuka kwa kicheko, na hadithi ingefika ukumbi mkubwa kabla ya wali kuiva. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Mwalimu Madoa akalimeza.

"Mwenyekiti hahitaji kuvua," akasema kwa sauti ya kawaida. "Mwenyekiti atachora cha jirani. Desimali, njoo mbele na kiatu chako."

Mkaguzi akashusha pumzi. Penseli zilikuwa zimekwisha, akachomoa kalamu yake ya wino.

Dakika mbili za kwanza zilikuwa za vicheko. Kisha, kama hutokeavyo kila mara, sauti zikafifia moja moja, zikabaki penseli zikikwaruza. Fundi wa vipaza sauti alikuwa amepiga magoti, pua karibu na kamba za kiatu chake. Waliopotea njia hawakukumbuka tena chumba cha kompyuta. Harufu ya chakula ikaingia, na hakuna aliyegeuka.

"Kimelika!" Desimali akapaza sauti ghafla. Watu wakashtuka. "Kisigino changu. Kimelika upande wa nje peke yake. Nimevaa kiatu hiki miaka minne, nimekipiga rangi kila Jumapili, sikuwahi kukiona."

"Ulikuwa unajua ni kiatu," akasema Mwalimu Madoa. "Ukijua, huangalii tena."

"Ni kama nyuzi kumi na mbili hivi, huu mteremko."

"Kama?"

Desimali akatazama chini. "Sijaupima," akakiri.

Wapishi ndio waliokuja kuwafukuza, maana chakula kilikuwa kinapoa. Watu wakabandika michoro yao ukutani, na viatu vyenyewe vilikuwa vioja: kimoja kama samaki aliyekanyagwa, kimoja kama ramani ya nchi isiyokuwepo. Lakini kila mmoja alikitetea cha kwake kama mtoto wa kumzaa. Mkaguzi hakubandika. Alikuwa bado anachora.

"Naomba niondoke nacho," akasema alipomaliza.

"Ni chako, mzee."

"Watoto wako huwafundisha hivi?"

"Hivi hivi. Na wana kelele kuliko ninyi." Akaokota penseli moja mezani. "Kuna mtu aliwahi kuandika, 'Kelele nyingi, kazi haionekani.'"

"Upuuzi!" mkaguzi akafoka. "Nani aliandika hivyo?"

"Wewe, mzee."

Sharubu zikatulia. Mkaguzi akaangalia kiatu chake cha wino, kisha ukuta, kisha mwalimu.

"Nilikaa muda gani darasani kwako?"

"Hukukaa. Ulisimama mlangoni. Dakika moja, labda na nusu."

"Basi nitakuja tena, na nitakaa," akasema. "Na ahsante kwa... kwa kunipa kiatu cha jirani." Akamshika mkono kwa mikono yote miwili, kwa heshima kubwa, na kidole gumba chake, kilichokuwa kimelowa wino, kikaacha muhuri safi kwenye mkono wa suti ya krimu.

Nyumbani mume wake alimpokea mkoba kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akamgeuza kwenye mwanga.

"Siku ya ngapi?"

"Ya pili. Na si mimi."

"Nani, basi?"

"Mkaguzi."

"Siku hizi mnawasingizia mpaka wakaguzi," akasema fundi, lakini aliposikia habari yote alicheka mpaka akakaa chini. Akataka kuliondoa lile doa kwa limau na chumvi. Mkewe akamkataza. Kati ya madoa yake yote, hilo peke yake ndilo alilotiwa na serikali.

Mkaguzi alikuja kweli, wiki tano baadaye, bila kutoa taarifa. Mwalimu mkuu alitoka ofisini mbio, tai imeelekea begani. Mzee akapita moja kwa moja mpaka stoo ya madawati, akakalia kiti cha mtoto, magoti yakafika kidevuni, akakaa kipindi kizima. Msichana mmoja wa darasa la tano alimwambia asichungulie karatasi, naye akaomba radhi. Kisha akaagiza kitabu cha ukaguzi. Mwalimu mkuu akasoma, midomo ikicheza: "Kelele zipo. Vipindi vihamishiwe asubuhi ili zianze mapema."

Vikahamishiwa asubuhi, si vyote, vya madarasa mawili tu. Sinki la kunawia rangi aliloomba halikuja, na madawati mabovu yapo pale pale. Lakini Jumanne moja Desimali alibisha hodi stoo, huku akijifanya anapita tu, akauliza kama wanaweza kuunganisha madarasa. Alitaka watoto wachore kivuli cha mlingoti wa bendera kwa chaki uwanjani, kila robo saa, halafu wapime pembe.

"Wachore kwanza," akasema Mwalimu Madoa. "Ndipo wapime."

"Wapime huku wanachora."

"Kwanza waone!"

Walibishana mpaka watoto wakaanza bila wao. Kivuli, ambacho asubuhi kilikuwa kimelala mpaka mlangoni mwa ofisi, kikawa kinarudi nyuma kidogo kidogo, na mistari ya chaki ikafuatana nacho, ya buluu, ya waridi, ya njano. Saa ya mapumziko mwalimu mkuu alitoka, akasimama kizingitini asijue akanyage wapi.

"Na hii nani ataifuta?" akauliza.

"Mvua," walimu wote wawili wakajibu kwa pamoja, bila kuinua macho.